Maradhi ya chakula: Vinasaba vya bakteria vyaweza kufichua chanzo Kitale na Bungoma

MAZIWA yanayokamuliwa alfajiri viungani mwa mji wa Kitale huweza kuwa yamekwisha kufika mikahawani Webuye na Bungoma kabla ya saa nne asubuhi. Husafirishwa kwa bodaboda na matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na njiani humiminwa pamoja na maziwa ya wafugaji wengine. Yakifika kikombeni, hakuna awezaye kusema yametoka kwa ng'ombe yupi.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyama ya vichinjio vidogo, kuku wa kienyeji wanaonunuliwa sokoni na mboga zinazopakiwa Chwele. Mlaji akiharisha au kushikwa na homa isiyokwisha, tabibu humtibu yeye. Swali la chakula kipi kilimdhuru, na kilichafuliwa wapi, huachwa bila jibu.

Swali hilo lina uzito. Jibu linapokosekana, lawama humwangukia aliye karibu, aghalabu mama mwenye kibanda cha chakula. Kibanda hufungwa, riziki ya nyumba nzima hukatika, na huenda chanzo halisi, labda kisima, labda kichinjio, labda mpishi asiye na dalili yoyote ya ugonjwa, kikaendelea kuambukiza.

Wanasayansi wana njia ya kulijibu swali hilo kwa uhakika mkubwa zaidi kuliko zamani, nayo ni kusoma vinasaba vyote vya bakteria aliyemdhuru mgonjwa na kuvilinganisha na vya bakteria waliopatikana katika chakula, maji au mifugo. Njia hiyo imetumika kuchunguza bakteria wa Kenya kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kinachokosekana katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ni sampuli za kusomwa.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yaliyotolewa mwaka 2015, yalionyesha kwamba watu milioni 600 ulimwenguni huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufariki. Watoto wa chini ya umri wa miaka mitano huwa 125,000 miongoni mwa wanaofariki. Barani Afrika wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 91 na vifo 137,000 kwa mwaka, yaani karibu thuluthi moja ya vifo vyote duniani.

Nayo Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati hupoteza dola bilioni 110 kila mwaka kwa matibabu na siku za kazi zinazopotea. Ieleweke kuwa hesabu hizi zote ni za kukisia, kwa sababu wagonjwa wengi hawapimwi kamwe.

Herufi milioni 4.8

Vinasaba vya bakteria wa salmonela ni kama maandishi marefu yenye herufi zipatazo milioni 4.8. Bakteria huzaliana kwa kujigawa, na kila anapojigawa huyanakili maandishi yale. Mara chache hukosea, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Katika ukoo mmoja wa salmonela, makosa kama hayo huwa machache mno, herufi moja au mbili hivi kwa mwaka.

Basi bakteria wa mgonjwa wa Kimilili na yule wa mgonjwa wa Kitale wakitofautiana kwa herufi mbili au tatu tu, yaelekea wametoka katika chungu kimoja. Wakitofautiana kwa mamia ya herufi, hawana uhusiano wa karibu, hata kama wagonjwa wote wawili walikula katika mkahawa mmoja siku moja.

Kabla ya hapo maabara zilitegemea mbinu zilizoona tofauti kubwa tu. Nchini Marekani, baada ya watoto wanne kufariki mwaka 1993 kutokana na nyama ya hambaga iliyokuwa na bakteria aina ya E. coli O157, serikali iliunda mwaka 1996 mtandao wa maabara uitwao PulseNet. Mtandao huo ulilinganisha vipande vya DNA vilivyopangwa kwa mistari kama alama za vidole. Ulianza kusoma vinasaba vyote vya listeria mwaka 2013, na kufikia 2019 njia hiyo ilikuwa imechukua nafasi ya ile ya kale.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, na ulio mzito zaidi, ulitokea Afrika Kusini. Mwaka 2017 madaktari wa Johannesburg na Pretoria waligundua kwamba watoto wachanga wengi kuliko kawaida walikuwa wakiugua listeria, ugonjwa wa chakula ambao humwambukiza mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye. Listeria huweza kukaa mwilini majuma kadhaa kabla ya kuonyesha dalili. Ni nani akumbukaye alichokula mwezi mmoja uliopita?

Maabara ya taifa ilisoma vinasaba vya bakteria kutoka kwa wagonjwa 609. Kati yao, 567, yaani asilimia 93, walikuwa na listeria wa ukoo mmoja, ST6. Matokeo hayo yaliwaambia wachunguzi jambo kubwa kabla hawajakijua chakula chenyewe: hapakuwa na vyanzo vingi vilivyotawanyika nchini, bali kimoja kilichokuwa kikisambazwa kila mahali.

Mnamo Januari 2018 watoto wa shule ya chekechea huko Soweto waliugua na kupelekwa hospitalini Chris Hani Baragwanath. Maafisa wa afya walikwenda shuleni, wakafungua friji na kuchukua poloni, soseji nene inayoliwa na mkate. Poloni hiyo iliwaongoza hadi kiwandani Polokwane, walikopata listeria wa ukoo uleule wa ST6. Machi 4, 2018, Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi alitangaza chanzo hicho, na bidhaa zikaondolewa madukani. Msumbiji, Namibia na Botswana pia zilichukua hatua dhidi ya nyama hizo.

Mkurupuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa na watu 216 walikuwa wamefariki. Hakuna mkurupuko mkubwa zaidi wa listeria uliowahi kurekodiwa duniani, na ulizimwa na maabara pamoja na mtu aliyefungua friji ya shule.

Ujerumani nayo ilionja upande wa pili mwaka 2011. Bakteria aina ya E. coli O104 waliwaua watu zaidi ya 50, na maafisa wa Hamburg wakaharakisha kuyalaumu matango kutoka Uhispania. Wakulima wa Uhispania walitupa mazao yao, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kutenga zaidi ya Yuro milioni 200 kuwafidia wakulima wa mboga. Matango hayakuwa na hatia. Chanzo kilikuwa chipukizi za mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri.

Vinasaba vya bakteria huyo vilikuwa vimesomwa katika muda wa siku chache tu, lakini havikutaja chipukizi. Zilitajwa na uchunguzi wa kuwauliza wagonjwa na wapishi chakula kilichowekwa sahanini. Wanaoisifu teknolojia hii mno husahau sehemu hiyo.

Kuku mshitakiwa

Katika jamii ya Waluhya, mgeni asiyechinjiwa kuku huhesabu kuwa hakukaribishwa. Kwa kuwa salmonela wa nchi za Magharibi huhusishwa zaidi na kuku na mayai, ni rahisi kudhani kwamba hapa pia mshitakiwa ni yuleyule. Utafiti uliofanywa Kenya umetoa picha tofauti.

Katika Afrika kusini mwa Sahara, salmonela wasio wa homa ya matumbo huingia kwenye damu na kuua, hasa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wanaoishi na virusi vya HIV. Ilikadiriwa kuwa mwaka 2017 watu 535,000 duniani waliugua aina hiyo ya maambukizi na 77,500 wakafariki, wengi wao katika eneo hilo la Afrika.

Mwaka 2006, Prof Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuzuru nyumba za watoto waliougua. Walipima watu wa nyumba hizo, mifugo na mazingira. Bakteria waliofanana na wa watoto wagonjwa walipatikana zaidi kwa jamaa zao kuliko kwa wanyama wa nyumbani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2009, timu ya kimataifa ilisoma vinasaba vya salmonela kutoka Malawi na Kenya na kutambua ukoo wa Kiafrika uitwao ST313. Katika ukoo huo baadhi ya chembe za urithi zilikuwa zimeharibika kwa namna inayofanana na ya bakteria wa homa ya matumbo, ambaye makao yake ni mwili wa binadamu peke yake. Ni ishara ya bakteria anayejizoesha kuishi kwa binadamu. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ukoo huo ulienea katika mawimbi mawili, na wimbi la pili lililishinda la kwanza baada ya kupata usugu dhidi ya dawa ya kloramfenikoli.

Maana yake kwa familia ya Bungoma ni kubwa. Iwapo bakteria huyu hupita zaidi kati ya mtu na mtu, basi kuwachinja kuku wote wa kijiji hakutamwokoa mtoto, ilhali choo na maji safi vyaweza. Hata hivyo, zipo aina nyingine za salmonela zinazotoka kwa kuku kweli, na kuzitenganisha bila kusoma vinasaba ni vigumu.

Homa ya matumbo imechunguzwa zaidi. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha bakteria 1,832 kutoka nchi 63 na kuonyesha kwamba ukoo sugu uitwao H58 ulizuka Asia, ukavuka hadi Afrika Mashariki na kuenea. Bakteria wa Kenya walikuwamo katika hesabu hiyo. Usugu wa dawa, uliodhihirika pia nchini Pakistan kuanzia mwaka 2016, ni mojawapo ya sababu za kutafutwa kwa chanjo bora. Julai 2025 Kenya ilizindua chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14.

Kipindupindu nacho kina historia iliyoandikwa kwenye vinasaba. Uchunguzi wa bakteria 1,070, uliochapishwa mwaka 2017, ulibainisha kuwa kipindupindu kimeingizwa Afrika angalau mara 11 tangu mwaka 1970. Ukoo ulioiangamiza Yemen kuanzia mwaka 2016 ulikuwa umepita Afrika Mashariki kabla ya kufika huko.

Mpaka usioonwa na ng'ombe

Magharibi mwa Kenya, uchunguzi mpana zaidi wa maradhi yanayovuka kati ya mifugo na watu umeendeshwa kutoka Busia. Mwaka 2012 watafiti waliwahoji na kuwapima wafanyakazi 738 katika vichinjio 142 vya eneo hilo. Baadhi ya vichinjio havikuwa na choo wala mahali pa kunawa mikono.

Baadaye, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, Chuo Kikuu cha Liverpool, KEMRI na serikali za kaunti walianzisha mradi wa ZooLink katika kaunti za Busia, Bungoma na Kakamega. Wataalamu walizuru masoko ya mifugo, vichinjio vilivyo karibu na hospitali za eneo lilelile, wakirudi mara kwa mara ili kuona maradhi yanavyopanda na kushuka. Ubora wa mpango huo ni kwamba ng'ombe na binadamu walihesabiwa kwa pamoja. Kwa kawaida afisa wa mifugo hujibu kwa idara moja na afisa wa afya ya umma kwa nyingine, na daftari zao hazikutani.

Trans Nzoia haikuwemo. Wafanyabiashara wa ng'ombe hawautambui mpaka wa kaunti, wala Mto Nzoia hautambui, ambao hukusanya maji ya Cherangani na Mlima Elgon ukapita mashambani Kitale kabla ya kuteremka kuelekea Webuye na Ziwa Viktoria. Vivyo hivyo, mifugo huvuka kutoka Uganda kupitia Lwakhakha.

Jijini Nairobi, utafiti wa aina hii ulifanywa katika nyumba 99, nyingi zikiwa na mifugo, na matokeo kuchapishwa mwaka 2022. Usomaji wa vinasaba vya E. coli ulionyesha kwamba watu na mifugo walipogawana bakteria, aghalabu ilikuwa ndani ya boma moja, si kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mambo ni yaleyale Kiminini au Kimilili, ambako ng'ombe, kisima na jiko hukaribiana kwa namna nyingine. Kungepaswa kupimwa.

Ugumu huanzia kwenye chumba cha daktari. Ili vinasaba visomwe kwa namna ya kulinganisha wagonjwa, kwa kawaida bakteria hai huoteshwa kwanza kutokana na damu au kinyesi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na huhitaji maabara yenye vifaa, mtaalamu na umeme usiokatika. Vituo vingi vya afya mashinani havina.

Badala yake mgonjwa hupimwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hutafuta kinga iliyo kwenye damu wala si bakteria mwenyewe, na mtu aliyewahi kuambukizwa miaka iliyopita huweza kuambiwa ana homa ya matumbo leo. Hupewa dawa na kurudi nyumbani. Wengi hata hawafiki huko, kwani hununua antibiotiki dukani kwanza, na wakifika hospitalini baadaye bakteria haoti tena.

Matokeo ni kwamba "taifodi" hutajwa kila kijiji, lakini idadi halisi hujulikana mahali pachache tu. Uchunguzi wa kati ya 2007 na 2009 uliotumia vipimo vya damu vya kuotesha ulipata visa 247 vya homa ya matumbo kwa kila watu 100,000 mtaani Kibera kwa mwaka, lakini 29 tu huko Lwak, Siaya. Ajabu ni kwamba salmonela wengine, wale wasio wa homa ya matumbo, waliwashambulia watu wa Lwak zaidi kuliko wa Kibera. Bungoma inafanana na Lwak kuliko Kibera, na yaelekea baadhi ya wanaotibiwa taifodi huko wana ugonjwa mwingine kabisa.

Mashine zenyewe si kikwazo kikubwa tena. Wakati wa janga la Covid-19, maabara za KEMRI mjini Kilifi na kwingineko zilisoma vinasaba vya virusi kwa wingi, na Oktoba 2020 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Afrika kilizindua mpango wa dola milioni 100 wa kueneza uwezo huo barani. Ipo mashine ya kusomea vinasaba yenye uzani wa chini ya gramu 100, inayochomekwa kwenye kompyuta ndogo. Gharama iko kwenye kemikali zake, ambazo huagizwa ng'ambo, huhitaji baridi njiani na huharibika zisipotumiwa kwa wakati.

Liko pia jambo ambalo njia hii haiwezi kulifanya, nalo linawagusa wakulima wa mahindi wa Kitale. Sumu ya aflatoksini si kiumbe, hivyo haina vinasaba vya kusomwa, na kuchemsha maziwa au kupika ugali hakuiondoi. Vinasaba vya ukungu unaoitengeneza, hata hivyo, husomeka. Mkurupuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, uliowaathiri watu 317 na kuwaua 125, ulihusishwa na aina ya ukungu iliyo hatari kuliko kawaida. Wataalamu walitafuta humuhumu nchini ukungu wa jamii hiyo usiotoa sumu, wakachagua aina nne na kutengeneza Aflasafe KE01, ambayo hunyunyizwa shambani ili ukungu mwema uushinde mbaya.

Swali gumu lililosalia ni la nani aambiwe matokeo, na lini. Nchini Afrika Kusini wagonjwa na jamaa za waliofariki waliruhusiwa na mahakama mwezi Desemba 2018 kushtaki kwa pamoja, kwa kuwa bakteria wa kiwandani na wa wagonjwa walilinganishwa. Mwenye buchari mdogo wa Kanduyi hana wakili wala bima. Akishirikiana na watafiti kwa kuwaruhusu wapanguse meza yake ya kukatia nyama, kisha salmonela apatikane, anahofia kufungiwa hata kabla ya kujulikana iwapo bakteria huyo alimdhuru yeyote. Wachunguzi wa masoko na vichinjio hulazimika kuahidi kwamba majina hayatatolewa. Ahadi hiyo ndiyo huwafungulia milango, na ndiyo pia huzuia buchari mahususi kutajwa hadharani mgonjwa anapopatikana.